Daftari la Mahudhurio, Nyakarambi

Neno lenyewe lilikuwa na mashaka tangu mwanzo.
Risasi ni jiwe, na risasi ni tundu kifuani.
Babu yangu Tibenderana, karani wa zamu,
aliliandika asubuhi na jioni
kwa wino wa buluu, mkono umetulia:
risasi, tani tatu; zinki, tani moja na nusu.

Kampuni ilibatizwa mara tatu.
Kwanza kwa jina la Mzungu aliyekuja na nyundo ndogo
akaugonga mlima kama daktari agongaye kifua cha mgonjwa.
Kisha kwa jina la Ibanda, ili tudhani ni yetu.
Kisha kwa herufi nne ambazo hakuna aliyejua kirefu chake.
Mlima haukubadili jina. Wala mshahara haukubadilika.

Walikuja Wakiga kwa miguu, Walugbara kwa lori,
Wanyarwanda usiku, na vibuyu vyao.
Lugha zilikataa kusalimiana
hadi zilipokutana shimoni katika Kiswahili,
Kiswahili cha sururu na karai:
"Mawe ile leta! Kamba hii vuta! Mtu ya chini, toka!"
Sarufi ilikufa; watu wakapona.

Zinki ilitoka kwenye magunia,
ikapanda treni, ikavuka bahari,
ikarudi imepakwa juu ya mabati
dukani kwa Jivraj, kwa bei isiyogusika.
Kambi yote iliezekwa nyasi.
Bibi alisema: tumeuza paa, tunanyeshewa.

Na fizi. Hilo halimo daftarini.
Mstari wa buluu chini ya meno, kama wino,
tumbo linalojisokota kama nguo inayokamuliwa,
kiganja kilichokataa kuinuka hata kuaga.
Daktari wa kampuni aliandika: waragi.
Babu akanakili: mgonjwa, nusu mshahara.
Alinakili vizuri. Sijui nimsamehe kwa hilo au la.

Mwaka ule wa wanajeshi barabarani
Jivraj alikwisha kuondoka na mkoba mmoja,
mameneja wako likizo isiyo na marejeo,
Draku akaliendesha lori la mwisho kuelekea Mbarara.
Kizuizini akaulizwa: Umebeba nini?
Draku alikuwa mtu wa kweli,
na Kiswahili chake kilikuwa cha shimoni.

"Risasi," akasema. "Tani tano."

Utingo wake alirudi baada ya siku nne,
kwa miguu, na kiatu kimoja.
Hakusimulia. Alikula viazi, akalala,
akaamka, akaomba viazi vingine.

Shimo likajaa maji. Pampu ikaibwa,
kisha reli za vitoroli, kisha misumari.
Babu aliendelea kuvaa shati jeupe,
kwenda ofisini, isiyo tena na mlango,
na kupiga mstari kwa rula:
Jumatatu. Draku: hayupo.
Jumanne. Draku: hayupo.
Jumatano mvua kubwa. Draku: hayupo.
Hivyo kurasa arobaini na moja, mpaka wino ukawa maji,
mpaka kalamu ikawa inakwaruza tu,
na bado ukiinamisha karatasi kwenye mwanga
utaona.

Mwezi uliopita walikuja vijana wa kampuni mpya,
wamevaa viatu vizito visivyo na tope,
wakarusha kidege chao juu ya mlima.
Walitaka historia fupi, kurasa mbili, ya kuwaonyesha wenye fedha.
Niliwaletea daftari.
Wakapiga picha ukurasa wa tani.

Jiwe alilolitumia Babu kuzuilia mlango bado tunalo,
la kijivu, linang'aa panapovunjika.
Jana mwanangu alilikumbatia kwa mikono miwili,
akashangaa dogo hivyo kulemea hivyo.
"Mama, hili jiwe linaitwaje?"
Nilifungua mdomo.
Nikamwambia, lirudishe mlangoni,
upepo unaingia.